Kweli au Uongo: Mawe ya Mwezini Yanayookotwa Jangwani

Katika masoko ya Erfoud na Rissani, kusini-mashariki mwa Moroko, mawe huuzwa kwa gramu. Mfugaji huja na fuko lake kutoka jangwani, dalali hupitisha sumaku na kioo cha kukuzia, na wote wawili wanajua kwamba humo huenda limo jiwe lililotoka mwezini. Aghalabu halimo. Vimondo vilivyosajiliwa rasmi duniani vimepita 70,000, na vya mwezini ni mia kadhaa tu. Uadimu wake, pamoja na bei yake, umezaa maneno mengi, na mengi ya maneno hayo humpotosha mwokotaji, mnunuzi na hata mwanafunzi anayetaka kujua Mwezi umeumbwaje. Asili ya jiwe imeandikwa ndani yake, katika madini, na huko ndiko kwa kulitafuta jibu.

“Jiwe jeusi lenye matundu ni la mwezini.”

Si kweli, na hakuna dhana inayowaponza watu wengi kuliko hii. Mtu amezoea picha za uso wa Mwezi uliojaa mashimo, basi akiona jiwe lenye vishimo humjia Mwezi akilini. Mashimo ya Mwezi ni makovu ya migongano, mengi yakiwa na upana wa kilomita kadhaa. Matundu ya jiwe la mkononi kwa kawaida ni mapovu ya gesi. Mawe ya volkeno yanayo, na mavi ya chuma yanayotupwa kando ya tanuri za kuyeyushia madini yanayo zaidi. Mtafiti Randy Korotev wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mawe ya mwezini, alipokea maelfu ya maswali na picha kutoka kwa watu walioamini wameokota moja. Karibu yote yalikuwa mawe ya kawaida ya duniani au mabaki ya viwanda.

Jiwe halisi la mwezini halitishi macho. Mengi ni ya kijivu, au ya kahawia baada ya kukaa sana jangwani, na ukilikata unakuta vipande vyeupe vyenye pembe kali vimeshikwa pamoja na unga mweusi ulioshindiliwa ukawa mgumu, kama njugu ndani ya kashata. Wataalamu huliita jiwe la namna hiyo breksia. Mwezi umepigwa na vimondo kwa zaidi ya miaka bilioni nne, na kila pigo lilivunja mawe ya zamani, likayachanganya, likayabana tena. Ganda jembamba la kioo linalotokea jiwe linapoungua likipita angani huwa halipo tena mara nyingi, kwa kuwa upepo wenye mchanga umekwisha kulisugua.

Sumaku nayo haisaidii kama watu wanavyodhani. Kimondo cha Mbozi, kule Songwe nchini Tanzania, chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani zipatazo 16, ni chuma kwa takriban asilimia 90, na kilichobaki ni nikeli kwa sehemu kubwa. Anayekijua Mbozi hutarajia kila kimondo kiwe kizito na kivute sumaku. Jiwe la mwezini lina chembe chache tu za chuma tupu. Uzito wake ni wa jiwe la kawaida, na sumaku hulivuta kidogo sana au isilivute kabisa. Watu wengi wameyapita mawe ya mwezini kwa sababu hiyo.

“Mawe yote ya Mwezi yaliyoko duniani yaliletwa na wanaanga.”

Si kweli. Safari sita za Apollo zilizotua mwezini kati ya 1969 na 1972 zilileta kilo 382. Vyombo vitatu vya Kisovieti vya Luna vilileta kama gramu 300 kwa jumla. China ilileta gramu 1,731 kwa Chang'e 5 mwaka 2020, kisha gramu 1,935 kwa Chang'e 6 mwaka 2024, hizo za mwisho zikitoka upande wa Mwezi usioelekea dunia. Mengine yote yamejileta.

La kwanza kutambuliwa liliokotwa Januari 1982 katika vilima vya Allan Hills, Antaktika, na John Schutt na Ian Whillans. Lilikuwa na gramu 31 tu. Kipande chembamba kilipofika katika taasisi ya Smithsonian mjini Washington, Brian Mason alikitazama kwa hadubini na kuandika kwamba vile vipande vyeupe vinafanana na mawe ya miinuko ya Mwezi. Mwaka uliofuata, watafiti waliokutana Houston wakiwa na vipimo vyao mbalimbali walifikia jibu moja. Hawangeweza kukubaliana haraka hivyo kama mawe ya Apollo ya kulinganishia yasingekuwapo kabatini, na hapo ndipo thamani ya zile kilo 382 ilipoonekana upya. Ikaja kugundulika pia kwamba Wajapani walikuwa wameshaokota jiwe la mwezini huko huko Antaktika mwaka 1979 bila kulijua.

Majangwa ya joto yalifuata. Australia ilitoa jiwe dogo la Calcalong Creek. Mwaka 1997 Libya ikatoa Dar al Gani 262, gramu 513, la kwanza kutoka Sahara. Kuanzia hapo Oman, Moroko, Mauritania, Algeria na Mali zikaingia katika orodha, na jiwe moja linaloitwa NWA 12691, kwa vipande vyake vyote, lina zaidi ya kilo 100.

“Yalirushwa na volkeno za Mwezi.”

Si kweli, ingawa walioliamini hilo hawakuwa wajinga. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, Olbers wa Ujerumani na Laplace wa Ufaransa, wataalamu wakubwa wa zama zao, walipiga hesabu wakaona kwamba jiwe likirushwa kutoka mwezini kwa kasi ya kutosha linaweza kufika duniani. Hesabu yao haikuwa na kasoro. Mwezi una mvutano mdogo, na kitu chenye kasi ya kilomita 2.4 kwa sekunde kinauacha, wakati duniani zinahitajika kilomita 11.2. Kosa lao lilikuwa kwenye mrushaji.

Mrushaji ni kimondo kingine. Kikipiga uso wa Mwezi, mawe yaliyo karibu na juu, pembeni kidogo ya pigo, hutupwa kwa kasi kubwa bila kuyeyuka yote. Halihitajiki shimo kubwa: mashimo yenye upana wa kilomita chache yanatosha. Muda wa safari husomwa kutokana na isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, zinazozaliwa ndani ya jiwe linapopigwa na mionzi ya angani. Mengi yalifika katika muda usiozidi miaka milioni moja. Machache yalizunguka Jua kwa mamilioni ya miaka kabla ya kukutana na dunia.

“Hupenda kuangukia jangwani.”

Si kweli. Kimondo hakichagui. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe yalinyesha Mbale, Uganda, juu ya nyumba na migomba, na kipande kidogo kilichopunguzwa kasi na majani ya mgomba kikamgusa mvulana kichwani bila kumdhuru. Mwaka 2011 kingine kiliangukia eneo la Thika, Kenya. Hivyo vyote ni vimondo vya kawaida kutoka kwenye asteroidi, na vilipatikana kwa sababu watu walikuwapo wakaviona vikija. Kikianguka usiku wa mvua katika msitu wa Kongo, basi. Unyevu utakila, mizizi itakipasua, udongo utakifunika.

Jangwa hutunza kilichoanguka, na huonyesha. Katika nyanda za Jiddat al Harasis na Dhofar, nchini Oman, ardhi ni tambarare ya chokaa yenye rangi hafifu, mvua ni adimu, na jiwe geni huonekana kwa mbali. Wasomaji wetu walioko Oman ambao wameshasafiri kwa gari kutoka Maskati hadi Salala kupitia Haima wamepita kando ya nyanda hizo hizo. Antaktika nayo ni jangwa, la baridi. Huko barafu husogea polepole, hukwama kwenye milima, upepo huila, na mawe iliyoyabeba kwa maelfu ya miaka hubaki juu.

“Jiwe la mwezini lina madini yasiyopatikana duniani.”

Kwa sehemu kubwa si kweli, lakini hapa pana mambo mazuri ya kusimulia.

Madini makuu ya Mwezi ni manne. Plajioklasi, nyeupe au ya kijivu, ndiyo iliyojenga miinuko inayong'aa usiku wa mbalamwezi. Piroksini na olivini, zenye chuma na magnesiamu, zimejaa katika bazalti za yale maeneo meusi ambayo watazamaji wa zamani waliyaita bahari. La nne ni ilmenaiti, madini meusi ya chuma na titani, yale yale yaliyochimbwa katika mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya. Hakuna hata moja lililo geni duniani.

Ugeni uko ndani ya madini yenyewe. Plajioklasi ya duniani huchanganya kalisi na sodiamu kwa viwango tofauti tofauti. Ile ya miinuko ya Mwezi karibu yote ni ya kalisi, kwa asilimia 95 au zaidi, kwa kuwa Mwezi una upungufu mkubwa wa sodiamu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Mwezi ulizaliwa kutokana na vifusi vya mgongano mkubwa kati ya dunia changa na sayari nyingine, na katika joto lile elementi zinazogeuka mvuke kwa urahisi zilipotea. Kadhalika utakuta chembe za chuma tupu ambacho hakikuwahi kuona kutu hadi kilipofika kwetu, kwa kuwa mwezini hakuna hewa ya oksijeni.

Yasiyokuwamo nayo ni ushahidi. Mika hakuna. Udongo wa mfinyanzi hakuna. Mawe ya chokaa hakuna. Kwatzi ni adimu mno. Jiwe linalometameta kwa mika, au lenye mishipa myeupe ya kwatzi, linaweza kurudishwa shambani bila majuto.

Ila mwenye maabara hukutana na mtego. Jiwe lililokaa jangwani kwa miaka elfu nyingi hunywa maji machache ya mvua na umande, na maji hayo huleta chumvi. Kwa hiyo mawe mengi ya mwezini kutoka Oman na Sahara yana mishipa ya kalsiti na jasi kwenye nyufa, na yamejaa strontiamu na bariamu kupita kiasi. Vyote hivyo ni vya dunia. Anayetaka kupima umri au asili ya jiwe lazima kwanza atenganishe kilichokuja nalo na kilicholiingia hapa, na kazi hiyo hula muda mwingi kuliko inavyodhaniwa. Mawe ya Antaktika yamesalimika zaidi katika hili.

Sasa yale mageni. Mawe ya Apollo 11 yalileta madini matatu ambayo hayakuwa yanajulikana: armalkolaiti, iliyopewa herufi za mwanzo za majina ya Armstrong, Aldrin na Collins, trankwilitaiti, kwa jina la eneo walikotua, na piroksiferoaiti. Mwanzoni ziliaminika kuwa hazina ya Mwezi peke yake. Moja baada ya nyingine zikapatikana duniani, na ya mwisho ilikuwa trankwilitaiti, iliyotangazwa mwaka 2012 kutoka kwenye mawe ya Australia Magharibi.

Jangwa la Oman lilitoa geni lake pia. Ndani ya Dhofar 280, jiwe lililookotwa mwaka 2001, watafiti walikuta chembe ndogo sana za mchanganyiko wa chuma na silikoni, atomi mbili za chuma kwa moja ya silikoni. Hazikuwa na jina. Mwaka 2004 zilitangazwa kwa jina la hapkeaiti, kwa heshima ya Bruce Hapke, mwanasayansi wa Marekani aliyekuwa ameeleza miongo mitatu kabla kwamba vumbi linalopiga Mwezi bila kukoma lazima ligeuze udongo kuwa mvuke, na kwamba mvuke huo hurudi chini ukaacha utando wenye chembe za chuma. Aliyatabiri hayo kwa hesabu na majaribio, na ushahidi ukapatikana kwenye jiwe lililokuwa limelala Dhofar. Nimesoma mengi kuhusu mawe haya, na hakuna kisa kinachonifurahisha kuliko hicho.

Kuhusu maji, msemo wa zamani kwamba Mwezi ni mkavu kabisa umelegezwa. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walitangaza kukuta moganaiti, aina ya silika inayohitaji maji ili itokee, ndani ya NWA 2727, jiwe kutoka kaskazini-magharibi mwa Afrika. Kwa jiwe la jangwani dai kama hilo hupingwa mara moja: je, si dunia iliyoyatia? Walijibu kwa kuchunguza mawe mengine ya eneo lile lile na kuonyesha kwamba hayakuwa na moganaiti.

“Kipimo cha oksijeni kinatosha kuthibitisha.”

Hakitoshi. Oksijeni ina isotopu tatu, na uwiano wake hutofautiana kati ya dunia, Mars na asteroidi mbalimbali. Kipimo hiki huondoa Mars na asteroidi kwenye mjadala. Lakini dunia na Mwezi zinafanana mno katika oksijeni, kwa hiyo jiwe la mwezini na jiwe la Mlima Meru hutoa jibu karibu moja.

Kinachotumika zaidi ni uwiano wa chuma na manganizi ndani ya olivini na piroksini. Elementi hizo mbili hutembea pamoja jiwe linapoyeyuka na kuganda, hivyo uwiano wake hubaki alama ya mahali jiwe lilikozaliwa. Kwa mawe ya Mwezi ni takriban chuma 70 kwa manganizi moja. Kwa mawe ya Mars ni karibu 40. Fundi hukata kipande, hukisugua hadi kiwe chembamba kuliko karatasi, halafu hukipiga kwa miale ya elektroni na kusoma kila chembe. Yakiungana uwiano huo, plajioklasi yenye kalisi nyingi, chembe za chuma tupu, na isotopu za mionzi ya angani zinazoonyesha kwamba jiwe lilikuwa nje ya dunia, hakuna tena pa kukwepea.

Baada ya hapo matokeo hupelekwa kwa kamati ya majina ya Meteoritical Society, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa vimondo. Kamati hudai kipande kihifadhiwe kwenye taasisi: gramu 20, au asilimia 20 ya jiwe kama ni dogo. Cheti cha muuzaji hakina uzito mbele ya kanuni hiyo.

“Mawe ya mwezini ni ya aina moja.”

Si kweli hata kidogo, na uainishaji wake ndio utamu wa fani hii.

Kundi kubwa ni la breksia za miinuko, zilizojaa plajioklasi. Oksidi ya alumini hufika karibu asilimia 28, na oksidi ya chuma ni asilimia 4 au 5 tu. Dar al Gani 262 ni la kundi hili, na mengi ya Dhofar pia. Kundi la pili ni bazalti, lava iliyoganda kwenye yale mabonde meusi, yenye oksidi ya chuma karibu asilimia 20. NWA 032, lililookotwa mwaka 1999, ni bazalti safi isiyovunjwa, yenye olivini na piroksini zilizoganda haraka. Bazalti za namna hiyo ni chache, kwa kuwa mabonde meusi hufunika chini ya theluthi moja ya uso unaotutazama na sehemu ndogo sana ya upande wa pili. Katikati ya makundi hayo mawili kuna breksia zilizochanganya yote, kwa sababu migongano haiheshimu mipaka.

Kundi la nne lina jina la kifupi, KREEP: potasiamu, elementi adimu za udongo na fosforasi. Mwezi ulipokuwa bahari ya mawe yaliyoyeyuka, madini mepesi yalielea na mazito yakazama. Elementi ambazo hazikutakiwa na madini yoyote zilibaki katika uji wa mwisho. Pamoja nazo kuna thoriamu, ambayo satelaiti huweza kuiona kwa mbali kutokana na mionzi yake. Ndiyo maana wataalamu wakitaka kuliweka jiwe mahali pake huanza na namba mbili: chuma na thoriamu. Breksia ya miinuko huwa na thoriamu chini ya gramu 1 kwa tani. Sayh al Uhaymir 169, jiwe la gramu 206 lililookotwa Oman Januari 2002, lina takriban gramu 33 kwa tani katika sehemu yake iliyoyeyuka.

Jiwe hilo linastahili kusimuliwa peke yake. Watafiti Edwin Gnos, Beda Hofmann, Ali Al-Kathiri na wenzao waliandika mwaka 2004 kwamba sehemu yake kuu iliyeyuka miaka bilioni 3.9 iliyopita, wakati wa mgongano uliochimba bonde kubwa la Imbrium. Likapigwa tena na kuchanganywa na udongo. Likarushwa kutoka mwezini chini ya miaka 340,000 iliyopita, likaanguka Uarabuni miaka isiyofika 10,000 iliyopita. Kwa thoriamu yake nyingi kiasi hicho, waliweza kutaja hata jirani lilikotoka: karibu na shimo la Lalande, upande wa Mwezi tunaouona.

“NWA ni jina la mahali.”

Ni kweli nusu, na nusu inayobaki inauma. Herufi hizo husimamia kaskazini-magharibi mwa Afrika kwa Kiingereza, na hufuatiwa na namba. Zinatolewa pale jiwe linaponunuliwa sokoni bila kujulikana liliokotwa wapi: Moroko, Algeria, Mauritania, Mali au Sahara Magharibi. Namba zimepita 10,000. Kila namba ni jiwe lililookolewa, na karibu kila namba ni mahali palipopotea. Jiwe likijulikana lilipolala, mtafiti anaweza kurudi akatafuta vipande vyenzake, akapima udongo uliolizunguka ili atambue chumvi iliyoliingia, akachunguza lilianguka lini. Likija ndani ya fuko, hayo yote hayapo tena. Simlaumu mfugaji; kipato chake kiko kwenye gramu, na ramani haimlipi. Namlaumu mnunuzi anayeweza kumlipa kidogo zaidi kwa ajili ya mahali, na halipi.

Oman ilichukua njia nyingine. Mawe yake yamepewa majina ya maeneo, na tangu 2001 watafiti wa Uswisi na wa Oman wamezunguka nyanda zile pamoja wakiandika mahali pa kila jiwe. Kutoa kimondo nje ya nchi bila kibali ni kosa. Thamani ya Sayh al Uhaymir 169 kwa sayansi imetokana kwa sehemu na utaratibu huo.

Tena, idadi ya majina si idadi ya mawe yaliyoanguka. Kimondo kimoja hupasuka angani, vipande vikaokotwa na watu tofauti na kusajiliwa kwa namba tofauti. Madini yakilingana, wataalamu huviunganisha kuwa kitu kimoja.

“Ni ghali kuliko dhahabu.”

Imewahi kuwa kweli. Oktoba 2018, jiwe la kilo 5.5 liitwalo NWA 11789 liliuzwa Marekani kwa mnada kwa dola 612,500, yaani zaidi ya dola 110 kwa gramu, wakati dhahabu ilikuwa karibu dola 40. Lakini bei hufuata wingi, na kila fungu kubwa jipya linapotoka Sahara, mawe ya kawaida ya miinuko hushuka.

“Apollo ilishamaliza kazi, haya ni mapambo.”

Si kweli. Apollo na Luna zilitua upande mmoja wa Mwezi, katika eneo dogo, na sehemu kubwa ya mawe yao imeguswa na vifusi vya Imbrium na ile KREEP yake. Vimondo hutoka popote pale. Ni breksia za miinuko, pamoja na vipimo vya satelaiti, zilizowaonyesha watafiti kwamba sehemu kubwa ya ganda la Mwezi ni maskini wa thoriamu, tofauti na walikotua wanaanga. Dhofar 489, jiwe la gramu 34, lina plajioklasi iliyoambatana na olivini na piroksini zenye magnesiamu nyingi kuliko zile za mawe ya Apollo yenye plajioklasi nyingi, na mwaka 2006 Hiroshi Takeda na wenzake walitoa hoja kwamba lilitoka upande wa pili. Hiyo ilikuwa miaka 18 kabla ya Chang'e 6 kuleta mawe ya upande huo.

Umri nao ulipanuliwa pande zote mbili. Bazalti za Apollo zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 3. NWA 032 ilionyesha lava ya miaka bilioni 2.9. Kwa upande wa zamani, Kalahari 009, jiwe la kilo 13.5 lililookotwa Botswana mwaka 1999, lilitoa umri wa miaka bilioni 4.35: volkeno za Mwezi zilikuwa zikimwaga lava muda mfupi baada ya ganda lake kuganda. Baadaye Chang'e 5 ilishusha mpaka wa chini hadi miaka bilioni 2. Jiwe la Kalahari lilipatikana mbele ya tuta la mchanga, katika nchi ya Kiafrika ambayo haijawahi kurusha chombo kwenda mwezini.

“Hakuna mtu aliyewahi kuliona jiwe la mwezini likianguka.”

Kweli. Yote yaliyosajiliwa yameokotwa baadaye, mengi baada ya maelfu ya miaka. Likionekana moja likianguka na kuokotwa upesi, watafiti watapata kwa mara ya kwanza jiwe la Mwezi lililojileta bila kalsiti kwenye nyufa zake, bila kutu kwenye chembe zake za chuma, na likiwa bado na isotopu za muda mfupi kama sodiamu-22, ambayo nusu yake huisha kila miaka 2.6.

Kwa hiyo atakayekiona kimondo kikishuka, awe Dodoma, Garissa au Haima, apige picha jiwe likiwa pale pale lilipolala, na aandike mahali na saa. Asilioshe. Asiliguse kwa sumaku, kwa sababu sumaku kali hufuta kumbukumbu ya usumaku wa kale iliyomo ndani yake, na hakuna maabara inayoweza kuirudisha. Alifunge katika karatasi safi ya alumini, alihifadhi pakavu, na alipeleke kwa mtaalamu wa miamba wa chuo kikuu au wa idara ya jiolojia siku hiyo hiyo, ikiwezekana.